Ramani za Mvua Zenye Matundu

Gauni la harusi la binti yangu wa kwanza nililikata kwa mvua ya mwezi wa nne. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ya patroni, ile ya kuchorea vipande vya nguo kabla ya kukata, ilikuwa shida kupatikana, na mume wangu alikuwa ananiletea nyumbani ramani za hali ya hewa zilizokwisha kazi. Karatasi kubwa, ngumu, nzuri kabisa, upande mmoja umechorwa upepo na mvua, upande wa pili mweupe. Mimi nageuza, nachora kiuno, nachora mkono, nakata. Lile gauni, patroni ya mkono wake wa kushoto nyuma ilikuwa na Ziwa Viktoria na mawingu yake yote. Wateja wa mtaa wetu wa Biryogo, hapa Kigali, walipojua wakaanza kuniambia, "Mama, mimi nikatie kwa siku ya jua. Hiyo ya mvua isije ikaninyeshea kwenye sherehe." Basi naingia kwenye rundo, namtafutia siku ya kiangazi. Anaondoka ameridhika.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani na madarasa mawili ya shule, hapo ndipo ilipoishia. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, na babu yangu pia. Babu ndiye aliyekuja na biashara kutoka upande wa pwani, akapita Ujiji, akafika huku akapata mke, safari ikafia hapo. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kula na kugombana, Kinyarwanda lugha ya sokoni. Mume wangu yeye alitoka mlimani mbali, mtoto wa wakulima, akasomeshwa mambo ya hewa, akapata kazi Kanombe, kule uwanja wa ndege. Alipokuja kunichumbia baba aliuliza kazi yake. Wakamwambia anapima mvua. Baba akasema, "Mvua inanyesha yenyewe. Anaipima ili iweje?" Lakini alimpenda. Mume wangu akawa anakaa pale dukani kwa baba, anamwangalia anakata.

Baba alikuwa na sharti lake moja: mkasi hauinuliwi katikati ya shingo. Ukianza kukata shingo ya gauni, unazunguka nayo mpaka umeimaliza. Ukiinua mkasi pale katikati, kitambaa kinakuwa na jino, na jino la shingo halifichiki hata ukilipiga pasi namna gani. Mume wangu alilichukua sharti hilo akalipeleka Kanombe. Miaka yote aliyofundisha vijana pale, alikuwa anawaambia, "Penseli haiinuliwi katikati ya upepo." Wao wanadhani ni elimu ya Wazungu, kumbe ni ya baba yangu, fundi wa Biryogo.

Niwaelezee hizo ramani, maana wajukuu zangu wanafikiri hali ya hewa inatoka kwenye televisheni. Palikuwa na meza ya mbao, kubwa kama kitanda cha watu wazima, wanafunzi wanaizunguka. Redio inaleta namba kutoka Bujumbura, kutoka Bukoba, kutoka Goma, kutoka Entebe. Kila mji una kiduara chake kwenye ramani. Mwanafunzi anaandika pale joto la mji, mawingu ya mji, halafu anaweka mshale: upepo wa hapo unaelekea wapi. Ukishaweka mishale yote, ndipo unachukua penseli, unaufuata upepo. Unaanzia upande wa Tanzania, unapita mshale hadi mshale, bila kuinua mkono, mpaka mstari ukutane na mwingine unaotoka Kongo. Pale pepo mbili zinapokutana, hapo ndipo pa kutafuta mvua. Basi. Mimi niliielewa siku ya kwanza kwa sababu hata kitambaa kina mwelekeo wake, ukikipapasa unaujua.

Jumapili wanafunzi walikuwa wanakuja kwetu kula. Wengine walikuwa Wakristo, lakini pilau haina dini. Mmoja wao alikuwa kijana mwembamba wa Gikondo, baba yake ana gereji pale. Huyo alikuwa anakula kama mtu aliyetoka jela, nami nilikuwa namtania kwamba nitampelekea shefu, mkubwa wao wa kazi, hesabu ya nyama. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Wakampeleka Ulaya kusoma, akakaa huko miaka, na aliporudi alirudi kama mwalimu, na nyuma yake ikaja kompyuta.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini inaelekea kuisha. Walitoa chumba kizima kwa ajili yake, wakaweka pazia zito na mashine ya baridi. Wanafunzi wanavua viatu mlangoni kama msikitini. Mume wangu hakutia mguu mle.

Yule kijana, sasa nimwite mwalimu mdogo, alikuja nyumbani kutueleza mwenyewe, nadhani hakutaka tusikie kwa watu. Nikampa chai na mandazi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, Kinyarwanda kimekaa ndani yake.

"Muzee," akasema, "namba zinaingia kwa mashini, mashini inachora. Ile kazi ya asubuhi yote, iko tayari mbele chai haijapoa."

"Na mwanafunzi anafanya nini?"

"Anaangalia."

"Anaangalia," mume wangu akarudia. "Hata mbuzi wangu anaangalia mvua kila siku."

Mwalimu mdogo akacheka, lakini hakuacha. "Muzee, kwa meza wewe unafundisha ramani moja kwa siku. Kwa kompyuta watoto wanaona kumi. Wanaona upepo unatembea."

"Wewe nani alikufundisha upepo unatembea?"

"Ni wewe."

"Kwa kompyuta?"

"Hapana, muzee. Kwa penseli." Akachukua andazi lingine. Alikuwa hajabadilika.

Shefu wao, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikata shauri hivi: karatasi na kompyuta zote zifundishwe mpaka mtihani, wanafunzi wengine mezani, wengine kwenye kompyuta. Wanafunzi waliofundishwa mezani wakifanya vizuri, meza itabaki. Wakishindwa, meza inatoka, chumba kitapewa kazi nyingine, na mume wangu atapumzika. Walisema hivyo, kupumzika. Mume wangu aliporudi kunieleza alikuwa ametulia sana, na mtu huyo akitulia namna hiyo mimi naanza kuogopa. Meza ile ndiyo ilikuwa jina lake pale mjini. Mitaani hawakumwita kwa jina la baba yake, walimwita mwalimu wa upepo.

Alianza kuleta kazi za wanafunzi nyumbani, kuzisahihisha juu ya meza yangu ya kukatia. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Alasiri moja nilikuwa natia vifungo, nikamwona ameiweka ramani mbele yake, anaisogeza puani, anaipeleka pembeni, anairudisha, kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Nikasimama nyuma yake. Ramani ilikuwa kichwa chini. Ziwa Tanganyika limepanda juu, Uganda iko chini kama pindo la sketi.

"Huyu amechora vizuri," akasema.

Nikaishika ile karatasi kwa ncha nikaizungusha. Akaisikia inapita chini ya mikono yake.

"Umegeuza."

"Nimegeuza."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipomsalimia jirani kwa jina la mke wake, na mwenyewe ana ndevu."

Alicheka. Halafu kicheko kikaisha na yeye akabaki pale, mikono juu ya ramani. Akaniambia kwamba alikuwa amekwenda hospitali peke yake. Ni presha ya jicho. Inakula pembeni kwanza, inakuja katikati taratibu. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Akiiangalia Bukoba, Goma haipo. Akiitafuta Goma, Bukoba imeondoka. Walimpa dawa ya matone kuzuia, lakini kilichokwenda kimekwenda.

"Wakijua?" nikamuuliza.

"Wakijua, meza inatoka kesho, haingoji mtihani. Watasema muzee anapigania karatasi ambayo hata haioni. Na watoto niliowafundisha mezani watashindwa kwa sababu yangu." Akaipapasa ramani. "Kama siwezi kuwaonyesha walipokosea, nitawafundisha nini?"

Niliendelea na vifungo vyangu, na ni hapo macho yangu yalipoangukia ruleti.

Asiyejua ushonaji nimwambie: ruleti ni kigurudumu kidogo cha chuma chenye meno, kina mpini wa mbao. Unakipitisha juu ya mstari wa patroni, kinatoboa vitundu vidogo vidogo, na alama zinakaa kwenye kitambaa kilicho chini. Nikatandika blanketi mezani, nikaweka ramani juu, nikapitisha ruleti kwenye mistari ya yule mwanafunzi, mmoja baada ya mwingine. Halafu nikaigeuza karatasi, nikachukua kidole cha mume wangu nikakiweka pale. Kwa nyuma kila tundu lilikuwa limeinuka kidogo, kama upele. Akaupata mstari. Akaufuata.

Mwanzo alichanganyikiwa, maana ukigeuza karatasi Kongo inahamia upande wa Tanzania. Nikamwambia, hata nguo tunaishona kwa ndani, fikiri umevaa kinyume. Hakuchukua muda. Ile mistari alikuwa ameibeba kichwani miaka yote. Akawa anaisoma kwa vidole, kichwa ameinua juu, kama mtu anayesikiliza.

"Huyu amekata upepo hapa. Ameinua penseli."

"Ameinua kidogo."

"Kidogo ni kuinua. Na huyu, huyu amezikutanisha pepo zote juu ya Kigali. Mvua yote ametuletea sisi, wa Burundi wanywe nini?"

Tulifanya hivyo wiki nyingi. Mimi natoboa, yeye anasoma, ananiambia alama, mimi naandika namba kwa wino mwekundu, maana namba nazijua. Darasani alikuwa anawaambia wanafunzi wasimame waeleze mistari yao kwa sauti, ati ni mazoezi. Wanafunzi wakawa wanasema muzee siku hizi anasikiliza zaidi. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Maisha yangu yote alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kwenye kitu ambacho mimi nakiona upande wa nyuma tu, nikikata nguo. Sasa kilikuwa juu ya meza yangu, na vidole vyetu vinapishana juu yake.

Halafu msichana mmoja wa darasa lile, aliyepata alama nzuri, akaibandika ramani yake dirishani bwenini. Jua likapita kwenye matundu. Upepo wote wa Afrika Mashariki ukawaka pale dirishani, wenzake wakaja kuangalia, na mwalimu mdogo naye akapita akaona.

Alikuja kwetu Ijumaa baada ya swala. Ramani ameikunja kwapani.

"Maman, salama?"

"Salama. Viatu acha hapo, nimepiga deki."

"Muzee iko?"

"Yuko ndani, anavua kanzu."

Akaifungua ile ramani, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. "Hii iko na matundu. Zote ziko na matundu. Mimi nilifikiri ni panya."

"Panya wa huku hawajasoma," nikamwambia. "Hawawezi kufuata upepo."

Nilisema ili acheke, hakucheka. Alikuwa anaangalia meza yangu, lile blanketi, na ruleti juu yake. Akaichukua, akaipitisha kwenye kiganja chake, pole pole, akaona alama zinavyobaki. Akaigeuza ramani, akapapasa nyuma. Mtoto wa gereji huyo, amezoea kujua chombo ni cha kazi gani kwa kukishika. Niliona uso wake unabadilika, na nikajua kwamba amejua.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Nenda ukamwambie shefu," akasema. "Ni haki yako. Meza ikitoka, chumba ni chako."

"Mimi sikuja kwa sababu ya chumba, muzee."

"Basi ulikuja kwa sababu ya nini?"

"Nilitaka kujua nani anatoboa ramani za watu." Akairudisha ruleti mezani. "Sasa najua. Kesho uje kwangu, kwa kompyuta."

"Nilisema siingii mle."

"Ulisema. Ingia tu, ukatae ukiwa ndani."

Kesho yake nilimpeleka mimi, nimemshika mkono, nimejifanya namwegemea yeye ili watu waone ni mimi mzee. Chumba kilikuwa baridi kama friji. Kioo cha kompyuta chenyewe kidogo, sinia langu la chai ni kubwa kuliko hicho. Nikafikiri, hiki ndicho kinachotutoa roho. Mwalimu mdogo akamkalisha mume wangu, akagusa vitufe, na ramani ikatokea, mistari ya kijani inang'aa kwenye giza.

Mume wangu aliinama karibu. Halafu akavuta kiti nyuma. Akavuta tena kidogo. Mimi nikaanza kusoma dua moyoni.

"Goma," akasema. "Bukoba. Entebe. Bujumbura ile pale." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nazipata zote kwa pamoja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Meza ile kubwa alikuwa anaiona kipande kipande, mji mmoja na giza, mji mwingine na giza. Hiki kioo kidogo, ukikaa mbali nacho, kilienea chote ndani ya lile bomba lake. Ile mistari alikuwa hajaiona ikikaa pamoja kwa zaidi ya mwaka.

"Ikimbize mbele," akamwambia mwalimu mdogo. Picha ikabadilika, ikabadilika tena, upepo wa mashariki unasogea, wa Kongo unasubiri. Mume wangu akavua kofia akaiweka juu ya goti.

"Imeinua penseli wapi?" akauliza.

"Haijui kuinua, muzee."

"Baba mkwe angeiajiri."

Tulipotoka nje nilimshika kanzu. Nikamwambia matone yanasaidia, mtihani uko karibu, mimi nitaendelea kutoboa, kijana hatasema. Nilimwomba asubiri. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajakisema, na nilikuwa naiona ile meza, na yeye amekaa nyumbani barazani bila kitu cha kushika.

"Mama watoto," akasema, "nimekaa mle muda wa chai moja na nimefurahi namna hii. Na nimewanyima watoto wa watu kitu hicho mwaka mzima kwa sababu ya meza yangu." Akatafuta mkono wangu, nikampa. "Nipeleke kwa shefu."

Alimwambia shefu yote, macho, vidole, hata ruleti. Mimi niliketi pembeni na mkoba wangu mapajani. Aliomba jambo moja: mwanafunzi mpya, kabla hajawashiwa kioo, achore kwanza ramani kwa mkono wake, hata karatasi ndogo, mpaka ajue upepo unavyovuta. Shefu alikubali hilo, mwalimu mdogo akasema atalisimamia yeye. Mengine hayakubadilika. Meza itatoka, na mwisho wa mwaka mume wangu atapumzika. Mpaka hapo akae chumba cha kompyuta, afundishe kwa mdomo.

Meza haikupita mlangoni. Walikuwa wameitengenezea mle mle ndani zamani, hakuna aliyekumbuka. Seremala alileta msumeno. Mume wangu hakutaka kuwepo, alisikia tu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku yake ya kwanza mbele ya kioo nilimfikisha mpaka mlangoni, nikakaa kwenye benchi nje na kazi yangu ya vifungo. Mlango waliuacha wazi kidogo. Nikamsikia anawaambia wanafunzi, "Mimi naona kidogo, na hicho kidogo kinapungua. Nilikuwa nawaficha. Mistari ya kijani naipata, lakini namba za pembeni sizioni tena." Mtu huyo, tangu nimjue, yeye ndiye alikuwa anawasomea wengine, barua za jirani, majina ya dawa, kila kitu. "Msichana wa ramani ya dirishani yuko? Njoo ukae hapa. Nisomee."

Kiti kikaburutwa. Msichana akaanza na Bujumbura, haraka haraka.

"Polepole," mume wangu akasema. "Hakuna ndege inayokungoja."

Akaanza tena, polepole, mji mmoja mmoja, na baada ya kila mji mume wangu anaitikia, "Ehe." Mimi nilikuwa nimeshika sindano na uzi, sijatia hata kifungo kimoja, namsikiliza anavyoitikia.